Magunia ya Sufi Ukutani

Nilizaliwa katika nyumba ya udongo na nyasi, vilimani nyuma ya Mingoyo, nyumba ambayo neno likisemwa huingia ukutani likalala humo. Nilipoolewa Kilwa Kivinje katika nyumba ya mawe, kilichonitisha mwanzo hakikuwa mama mkwe wala ugeni. Kilikuwa ukumbi. Siku tuliyofika nilipiga chafya, na ukumbi ukapiga chafya baada yangu. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Ilikuwa nyumba ya baba yake mama mkwe. Kuta zake nene za matumbawe zilipakwa chokaa na kusuguliwa mpaka zikateleza kama ndani ya bakuli. Sakafu ilikuwa ya chokaa vilevile, na juu kulikuwa na boriti za mikoko zilizobeba dari ya mawe. Mazulia na makabati ya zamani yalikwisha kuondoka kabla sijafika. Vilibaki majamvi mawili, viti vichache na uwazi mkubwa katikati. Mama mkwe aliupenda uwazi ule. Alinieleza kuwa babake aliujenga ukumbi kwa ajili ya maulidi, ili msomaji akikaa ndani kabisa, watu walioko barazani wamsikie bila yeye kukaza koo.

"Usiuone kimya hivi," aliniambia. "Huu ulijengwa usikike."

Mume wangu nilimpata barabarani, na sisemi kwa mafumbo. Wakati ule Waingereza walikuwa wakifungua barabara kutoka Mingoyo kwenda bara, na yeye alikuwa katika kundi la wapasua mawe. Kazi yao ilikuwa kutoboa mwamba, kushindilia baruti, kuwasha utambi na kukimbia. Mimi na dada zangu tukiwauzia mihogo ya kuchemsha. Alikuwa mtu wa sauti. Aliweza kumwiga yeyote: msimamizi wao akikohoa kabla ya kutukana, kuku akitaga, shangazi yangu akijifanya hataki kula. Mama yangu alikubali posa huku bado anafuta machozi ya kicheko.

Katikati ya kazi ile alishikwa na homa kali, wakamlaza siku nyingi, wakamnywesha dawa chungu mpaka akawa anasema kichwa chake kina nyuki. Alipona. Kazi ilipokwisha tukaja kwao Kivinje, mimi na mimba changa, yeye na redio.

Redio zilikuwa chache mjini. Mwenye duka la nguo, Mhindi, alikuwa nayo, na karani mmoja wa boma. Ya kwetu ilikuwa sanduku la mbao la rangi ya asali, mbele limezibwa kwa kitambaa cha kahawia, nyuma lina betri nzito kama tofali. Waya wake mrefu ulitoka dirishani ukaenda kufungwa juu ya mnazi. Mume wangu aliibeba toka bara magotini mwake, hakumpa mtu aishike.

Alasiri ya kwanza alialika majirani. Wanaume wakajaa ukumbini, sisi wanawake tukakaa nyuma ya pazia, mlango wa ndani. Akazungusha kitufe. Mikwaruzo ikapita, ikaja sauti ya mtu kutoka Dar es Salaam akisoma habari. Alisema neno moja, ukumbi ukalisema tena. Akasema la pili, likalikuta la kwanza bado linazunguka. La tatu likayakanyaga yote mawili. Tulisikia kwamba mtu anasema. Hatukusikia anasema nini.

Mzee mmoja akauliza kwa adabu, "Humo ndani wamo wangapi?"

Watu wakacheka, mume wangu naye akacheka, lakini nilimwona anavyolitazama lile sanduku, kama mtu aliyeleta mgeni wa heshima nyumbani na mgeni akaanza kupayuka.

Alikuwapo rafiki yake wa utotoni, mwashi, aliyekuwa ametengeneza nusu ya kuta za mji ule. Tulimwita fundi. Wageni walipoondoka, fundi alisimama katikati ya ukumbi akapiga kofi moja. Kofi likarudi, likarudi tena, likafifia juu karibu na boriti.

"Redio yako nzima," alisema. "Ukuta huu unarusha, ule unadaka na kurusha tena. Chokaa hii ngumu haimezi kitu."

"Basi tuipe kitu cha kumeza," akasema mume wangu.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Kwanza walitandika sakafu. Waliazima majamvi, wakaleta mikeka yangu ya harusi, wakatandika mpaka chokaa isionekane. Fundi akapiga kofi. Kofi likarudi, limepungua kidogo tu. Wakaiondoa redio pembeni, maana pale penye kona sauti nzito zilikuwa zikivuma kama mtu anayesema ndani ya mtungi, wakaiweka mbele zaidi, mbali na kuta. Vumi likapungua. Wakatundika mikeka ukutani, kwanza mmoja mmoja, kisha ukuta mzima unaoielekea redio.

Mama mkwe alitoka chumbani akakuta kuta za babake zimefunikwa. Akasimama, mkono kifuani.

"Kuna msiba?" aliuliza.

"Hapana, mama. Tunatuliza sauti."

"Baba yangu alileta mafundi waufanye ukumbi huu useme. Wewe unauziba mdomo kwa ajili ya sanduku."

"Mama, ni kwa muda tu, mpaka sanduku lisikike."

"Hewa itapita wapi? Na mende?"

Hakuwa mtu wa ugomvi. Alirudi chumbani kwake, na kwa siku kadhaa alipita ukumbini akitazama mbele tu, kama anayepita penye kaburi la mtu asiyemjua.

Mikeka ilisaidia, lakini haikutosha. Fundi akasema ni myembamba, sauti inapenya na kuukuta ukuta uleule nyuma. Panatakiwa kitu kinene chenye pumzi ndani, kama godoro. Msimu wa misufi ulikuwa umefika. Wakaleta sufi kwa makapu, na makumbi ya nazi yaliyopondwa, na magunia matupu kutoka kwa wenye maghala. Nilikaa uani na tumbo langu linalokua, nikashona na kujaza, kushona na kujaza. Sufi iliniingia puani, kwenye nyusi, kwenye mchuzi. Usiku nilikuwa nikiota nakula mawingu.

Gunia moja lilitundikwa vibaya. Fundi alikuwa ameacha gongo nyuma yake, likakaa mbali na ukuta kiasi cha kiganja. Alipopiga kofi upande ule akatulia, akapiga tena. Lile lililokaa vibaya lilikuwa linameza kuliko wenzake. Hakujua kwa nini, na hakujifanya anajua. Wakayatundua yote wakaanza upya, kila gunia na fito zake nyuma. Kwenye pembe wakasimamisha magunia ya makumbi, moja juu ya jingine, mpaka darini.

Siku ya kazi kwisha, fundi alipiga kofi na kofi halikurudi. Lilitoka mikononi mwake likafa palepale. Nilisikia masikio yangu yakiziba, kama unapopanda mlima. Kisha mume wangu akafungua redio.

Naikumbuka alasiri ile kuliko siku nyingi zilizokuwa na sababu zaidi ya kukumbukwa. Nilikuwa nyuma ya pazia, nimeegemea kizingiti. Msomaji akaanza, na alikuwa mtu mmoja, ameketi mbele yetu. Kila neno lilisimama peke yake. Nilimsikia akivuta pumzi kabla ya sentensi. Nilisikia karatasi yake ikigeuzwa. Mtu yuko Dar es Salaam, nami nasikia karatasi yake! Wanawake wakanishika mkono. Ukumbini mzee yule akasema, "Alhamdulillahi, sasa anasema nasi."

Wote wakamgeukia mume wangu wampongeze. Yeye alikuwa ameinama, uso umekunjamana, mkono kwenye kitufe.

"Bado," alisema.

"Bado nini?" fundi akauliza.

"Inameza maneno. Hamsikii? Mwanzo ilikuwa inayachanganya, sasa inayameza."

Fundi alinitazama kupitia upenyo wa pazia, nami nikamtazama.

Baada ya hapo ndipo magunia yalipozidi kuwa mengi. Mume wangu aliamini wamekosea mahali: ukuta wa kushoto, nyuma ya mlango, chini ya dari. Kila siku alikuwa na wazo jipya. Alifunga shuka nzito juu, kati ya boriti na boriti. Aliziba vidaka vya ukutani, vile vishimo vizuri ambamo mama mkwe aliweka vikombe vyake vya zamani, akavijaza makumbi. Mama mkwe alivichukua vikombe vyake akavipeleka chumbani. Kila gunia lilipoongezwa, sisi tulisikia vizuri zaidi au vilevile, na yeye alisikia vibaya zaidi. Sikuelewa. Nilidhani ni ukaidi, au uchovu wa kukosa kazi.

Kisha nikajifungua mtoto wa kike. Alikuwa na kilio chembamba cha juu, kama filimbi. Mchana mmoja nilikuwa nikitwanga uani, mtoto nimemlaza ukumbini kwenye mkeka, na mume wangu ameketi hatua chache kutoka kwake, amempa mgongo, anashona mdomo wa gunia. Mtoto akalia. Niliacha mchi, nikajua babake atamnyanyua. Mtoto akazidi kulia. Nikaenda mpaka mlangoni.

Mume wangu alikuwa akishona. Alikuwa anavuta uzi taratibu, ametulia, huku mtoto nyuma yake amekuwa mwekundu kwa kilio. Mama mkwe akatokea mlango wa pili, naye akasimama. Tulikuwa wawili tunamtazama, kila mmoja kwenye mlango wake. Halafu mama mkwe akamnyanyua mjukuu wake akaenda naye chumbani, na mume wangu hakugeuka.

Tangu hapo nikaanza kuona yale ambayo yalikuwa mbele yangu siku zote. Adhana ikiadhiniwa, yeye alisubiri kumwona mtu mwingine anainuka. Nikisema naye jikoni nikiwa nimeinamia moto, alijibu jambo lingine. Ngoma alisikia. Fundi, mwenye sauti nene, alimsikia. Sauti za wanawake, za watoto, za ndege na ncha za maneno ndizo zilizokuwa zinamponyoka. Na kule kuiga kwake watu, nilitambua, hakuwa ameiga mtu mpya tangu tuje Kivinje. Waliobaki walikuwa walewale wa barabarani.

Mtoto alipotimiza arobaini, mama mkwe alikata shauri. Maulidi ya mjukuu wake yatasomwa katika ukumbi wa babake, na ukumbi utakuwa ukumbi. Mume wangu alikubali. Walitundua kila kitu wakakirundika uani, kuta zikafagiliwa, na mama mkwe akaingia akasimama katikati na kusema "Bismillahi" moja, ya sauti ya kawaida. Neno likamzunguka likarudi kwake. Nilimwona akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu magunia yaingie.

Maulidi yalisomwa vizuri. Wageni walipokuwa wakila, mtu mmoja aliomba redio ifunguliwe, wakati wa habari umefika. Ikafunguliwa. Ukumbi mtupu ukaanza tena ukorofi wake wa zamani, maneno yakikanyagana, kelele tupu. Watu wakakunja nyuso. Mzee yule akatikisa kichwa.

Na mume wangu akainua uso. Aliweka tonge sahanini. Uso wake ulifunguka kama dirisha.

"Leo anasikika!" alisema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyotakiwa. "Mnasikia? Leo anasikika!"

Pale ndipo nilipoelewa. Kuta zile ngumu zilikuwa zikiikusanya sauti na kumrushia yote, imekuwa kubwa, imekuwa nene, na kidogo kilichobaki masikioni mwake kilikuwa kinashika cho chote kilichofika. Tulipokuwa tukitundika magunia tulikuwa tunatuliza ukumbi kwa ajili yetu. Yeye tulikuwa tunamwondolea. Kila gunia nililoshona lilikwenda ukutani likameza sehemu yake.

Kesho yake alianza kuyatundika tena. Alidhani jana palikuwa na bahati ya hali ya hewa. Nilimfuata ukumbini, mtoto mgongoni.

"Bwana," nilimwambia, "nyumba haina kosa."

"Unasemaje?"

"Nasema nyumba haina kosa."

Alikuwa anatazama mdomo wangu. "Haina kosa," alirudia polepole. "Basi kosa la nani?"

Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu alfajiri. Yote yaliondoka. Niliinua mkono nikaugusa sikio lake. Akaushika mkono wangu, akauteremsha, si kwa ukali.

"Mimi nasikia," alisema. "Ninyi mnanong'ona. Tangu tuje mji huu watu wote wananong'ona. Hata wewe."

"Mtoto pia ananong'ona?"

Hilo alilisikia. Alikaa juu ya rundo la magunia, akamtazama mtoto aliyelala mgongoni kwangu, akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akaniomba nitoke.

Mama mkwe alisema ni jicho. Nani mwingine mjini alikuwa na redio na mke mgeni na mtoto mzima kwa pamoja? Akaita shehe, naye akamsomea mume wangu, akamwandikia kombe, aya za wino zilizooshwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Alitiwa masikioni mafuta ya uto yaliyopashwa moto, akalazwa ubavu huu na ubavu ule. Mtu mmoja alileta maji ya majani fulani. Mume wangu alikubali yote, kama mtoto anayeogeshwa. Kila asubuhi mama mkwe alisimama nyuma yake na kumwita jina lake kwa sauti ndogo. Nilikuwa nakwenda uani nisione.

Mwishowe tulipanda lori kwenda hospitali ya Lindi. Fundi alitusindikiza mpaka lori lilipoondoka. Njia ilikuwa mbovu na tulivuka mto Mbwemkuru tukiwa tumejaa vumbi la kahawia. Mume wangu alikaa karibu na injini akifurahi. Injini aliisikia.

Aliyetupokea alikuwa dresa, msaidizi wa daktari, mtu mzima, mpole. Alimchungulia masikio kwa kioo na mwanga. Akachukua chuma chenye ncha mbili kama uma, akakigonga kwenye goti lake, kikalia sauti nyembamba, safi. Akakiweka karibu na sikio la mume wangu.

"Kikinyamaza, inua mkono."

Mume wangu aliinua mkono. Mimi nilikuwa kwenye benchi karibu na ukuta, mbali kuliko yeye, na nilikuwa bado nakisikia. Kiliendelea kulia, kikilia, na mkono wake uko juu. Dresa naye alikuwa anakisikia. Tulikisikiliza sote wawili mpaka kikaisha.

"Hakuna nta wala usaha," dresa aliniambia mimi. "Masikio yake ni safi. Kile kinachosikia, huko ndani, ndicho kilichochakaa. Alifanya kazi gani?"

"Baruti, barabarani."

"Aliwahi kuugua?"

"Homa, palepale kazini. Walimpa dawa nyingi."

"Yawezekana ni baruti. Yawezekana ni homa, au dawa yenyewe. Siwezi kukwambia."

"Na tiba?"

Akatikisa kichwa. "Pole, mama. Hakuna cha kuzibua. Na sidhani kama itasimama hapa."

Mume wangu alikuwa anatutazama mmoja mmoja, kama anayetazama watu wanaorushiana kitu juu ya kichwa chake. Alinivuta shuka.

"Kasema nini?"

Nikamwambia kwa sauti ya kawaida. Hakusikia. Nikarudia. "Eh?" Nje ya mlango watu walikuwa wamepanga foleni, wagonjwa na wanaowauguza, wametulia kwa uchovu. Ilinibidi nipige kelele.

"Kasema hakuna dawa!"

Foleni nzima ikageuka. Mwanamke mmoja akasema "Masikini" na mume wangu akamwona midomo. Alisimama, akamshukuru dresa kwa heshima zote, akatoka.

Tuliporudi Kivinje, hakungoja kupumzika. Alitundua magunia yote peke yake, akang'oa fito, akafungua vidaka, akamrudishia mama yake vikombe vyake mkononi. Mama mkwe ambaye alikuwa ameomba siku ile ifike, aliketi na vikombe vile mapajani akalia. Sufi tuliitia kwenye mito. Kuta zikabaki na matundu ya misumari.

Ukawa ukumbi wa mume wangu sasa. Aliisogeza redio ukutani, karibu na kona, mahali palepale fundi alipokuwa amepakataa, akakaa mbele yake magoti yakigusa sanduku, sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Kwa muda alipata kitu humo. Alikuwa akiniita na kunieleza habari, nusu za kweli na nusu amezijaza mwenyewe. Majirani walikuja kwa uungwana. Walikaa katika ule mngurumo, wakaitikia kwa vichwa, wakaaga mapema. Kisha wakaanza kwenda kwa karani wa boma. Siwalaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa nikimpeleka mtoto uani kichwa kisimuume.

Fundi alibaki. Alikuja kila alasiri, akakaa.

"Nimefikiri sana," aliniambia siku moja mlangoni. "Ukumbi mmoja siwezi kuutengeneza ukawafaa watu wawili. Nikiutuliza, yeye hayumo. Nikiuacha, ninyi hamumo."

"Na kati na kati?"

"Kati na kati hakuna atakayesikia."

Siku moja nilimkuta mume wangu ameketi mbele ya redio, mikono imelala juu ya sanduku, machozi yanashuka taratibu bila uso kukunjamana. Redio ilikuwa kimya. Nilikaribia, nikazungusha kitufe, nikatega sikio kwenye kitambaa. Hakuna kitu. Nikamgeuza uso anitazame.

"Betri," nilisema kwa midomo mikubwa. "Betri imekufa!"

"Betri?"

"Betri!"

Alicheka. Alicheka kile kicheko cha siku ya chafya, akanikumbatia mbele ya mama yake, jambo ambalo watu wa kwao hawafanyi. Alidhani yeye ndiye aliyekwisha, kumbe ni betri. Akakimbia kutafuta nyingine, na ilipotiwa alikaa akazungusha kitufe, na mimi nikasikia sauti imejaa nyumba nzima. Nilimwangalia. Aliusogeza uso karibu zaidi, na karibu zaidi, mpaka shavu likagusa kitambaa.

"Hii betri," alisema, "nayo ni mbovu."

Nilimwambia ndiyo, ni mbovu. Hatukununua nyingine.

Mtoto alipoanza kutembea tulihamia Pande, kwenye shamba la mtama na mihogo la upande wa baba yake mume wangu. Mama mkwe alibaki na ukumbi, na kila mwaka akasomesha maulidi yake humo mpaka alipofariki. Redio aliichukua fundi. Mume wangu alifanya kazi shambani kwa nguvu, alipanda mikorosho iliyozaa vizuri, na mtoto alijifunza mapema kumshika babake kidevu na kukigeuza kabla ya kusema naye. Nyumbani tuliweza.

Njiani ndiko tulikoshindwa. Vijana walimpita wakisema shikamoo, yeye anaendelea na jembe lake begani. Wakarudia, wakakosa jibu, wakasimulia kwao. Watu wakaanza kusema mtu wa Kivinje ana kiburi, aliwahi kuwa na redio, ndiyo maana. Wazee walimkalisha kikao kwa sababu ya kutokuitikia salamu, naye akaketi kati yao, akitazama midomo yenye ndevu asiyoweza kuisoma, akiitikia kwa kichwa kila shutuma. Nilikwenda nikawaeleza. Walinielewa, wakamwomba radhi, wakaenda. Lakini njia ina watu wengi na kila siku hupita wapya, wa Songo Mnara wanaotafuta mihogo, wa bara wanaotafuta chumvi. Nilizoea kutembea mbele yake kidogo. Shikamoo ikija, naitikia mimi, "Marahaba," haraka, kwa sauti nene kadiri niwezavyo. Wengine walicheka. Wengine walinitazama vibaya, mwanamke gani huyu anayepokea salamu ya mumewe. Yeye alikuja nyuma yangu na jembe lake, akitazama mikorosho.